Pikapu mpya, tela linatikisa mkia nikifika 80: ni gari, ni tela ama ni upepo wa Kapiti?

#1 Mfugaji_Utawala
Wakuu, salamu. Nimenunua dabo kebi mpya ya dizeli, gia za mkono, viti bado vina nailoni. Aina yake sitaji, maana tukianzia hapo uzi utageuka vita vya Hilux na D-Max na swali langu litabaki pale pale.

Naishi Utawala, mifugo iko Isinya. Kiangazi kikikaza navuta maji kutoka kisima kimoja cha Kitengela kwa tela la magurudumu mawili lenye tangi la plastiki la lita 1,000. Tela nilitengenezewa na fundi hapa hapa Nairobi: eksili ya pikapu kuukuu, springi za majani, breki halina.

Sasa shida. Barabara ya Namanga nikiwa 60 natembea vizuri. Nikipita 70 tela linaanza kucheza. Nikikaribia 80 linatikisa mkia hadi gari lenyewe linasukumwa nyuma, kushoto na kulia, usukani unakuwa mwepesi mikononi. Nikiachia mafuta linatulia. Tangi likijaa pomoni linayumba kiasi, likiwa nusu ndio balaa, likiwa tupu linarukaruka tu.

Tela hili nimelivuta miaka na pikapu yangu ya zamani, singo kebi, na halikuwahi kunifanyia hivi. Ndiyo maana nasema tatizo ni gari jipya. Springi za nyuma laini mno, siku hizi wanaunda gari za kupeleka watoto shule. Mwenye ushahidi wa kunipinga aje.

#2 Dereva_Mstaafu
Kijana, usilisingizie gari. Nimeendesha malori na matela kati ya Mombasa na Malaba hadi nikastaafu. Tela likiwa zito nyuma na jepesi mbele litatikisa mkia tu, hata ulifunge kwa tingatinga. Tafuta pahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, lifungue, kisha jaribu kuinua mkono wake tangi likiwa limejaa. Ukiinuka bila jasho, jibu unalo.

#3 Nyundo7
Swali la heshima kwa mwenye uzi: hiyo singo kebi ilikuwa inafika 80 na tani ya maji nyuma?

#4 Mfugaji_Utawala
@Nyundo7 ilikuwa inafika. Kwenye mteremko.

#5 Nyundo7
Basi hapo ndipo kesi ilipo. Tela lilikuwa na ugonjwa siku zote, gari la zamani halikuwa na nguvu ya kuuamsha. Jipya linayo.

#6 Mhandisi_K
Nyundo7 ametania lakini amegusa jambo. Kila tela lina mwendo wake wa mwisho wa usalama. Chini ya mwendo huo, likisukumwa kidogo na upepo au shimo, linayumba mara mbili tatu na kutulia lenyewe. Ukiupita, kila yumbo linakuwa kubwa kuliko lililotangulia, na hapo halirudi mpaka upunguze. Mwendo huo unategemea mambo mengi: urefu wa mkono wa tela, uzito umekaa wapi, tairi, na uzito wa gari linalovuta. Kwa hiyo tela lile lile linaweza kuwa salama kwa gari moja likawa hatari kwa lingine.

Kuhusu alichosema Mzee hapo #2, kuna namna ya kupima bila kukisia. Waingereza hutaka mkono wa tela uegemee gari kwa asilimia 5 hadi 7 hivi ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Wamarekani hutaka 10 hadi 15. Chini ya hapo unaomba matatizo. Mizani ya bafuni inatosha. Chukua ubao mgumu, upande mmoja uegemee tofali, upande wa pili uegemee mizani, kati yao pawe futi 3. Mkono wa tela uuketishe juu ya ubao futi 1 kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi moja tu, kwa hiyo unachosoma zidisha kwa 3. Hakikisha mkono uko kimo kile kile unachokaa ukiwa umefungwa kwa gari, la sivyo namba itakudanganya.

Nina swali lingine: umesema tela halina breki. Uzito wake wote na maji ni kiasi gani?

#7 Mfugaji_Utawala
@Mhandisi_K sijalipeleka mizani. Chuma na magurudumu sidhani inafika kilo 400. Na maji, weka 1,400. Lakini kitabu cha gari kinasema linavuta tani 3.5, kwa hiyo uzito si tatizo.

#8 FundiKariobangi
Ngojeni kwanza kabla hamjampa huyu ndugu mizani ya bafuni. Mimi ni fundi, matela ya aina hii yanakuja kwangu kila mara yakiwa na malalamiko haya haya, na mara nyingi eksili imechomelewa ikiwa imepinda. Fundi anaweka springi upande mmoja, anaweka upande wa pili kwa macho, anachomelea, anapaka rangi, tela linatoka linang'aa. Kumbe gurudumu moja limetangulia lingine.

Pima hivi: chukua waya usiovutika, si kamba ya sisal, ufunge katikati ya kikombe kinachoshika boli, lile tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari. Vuta hadi katikati ya kifuniko cha gurudumu la kushoto, weka alama. Peleka kulia. Urefu lazima uwe mmoja. Kisha chungulia tairi: kama moja inalika upande wa ndani na nyingine iko sawa, eksili yenyewe imejikunja. Tela kama hilo linatembea likivutwa upande mmoja siku zote, likipata mwendo linaanza kugombana na gari.

Boli lako ni la milimita ngapi? Kuna boli za 50 na kuna zile za Kimarekani za inchi moja na saba kwa nane, ambazo ni milimita 47.6. Kwa macho huoni tofauti. Kikombe cha 50 kikikaa juu ya boli la 47.6 kinafunga, unasikia kimelia "ta", unadhani kazi imeisha. Siku moja kwenye tuta kinaruka. Shika mkono wa tela ukiwa umefungwa, uutikise juu chini. Ukisikia kugonga, usitoke nalo barabarani.

#9 Binti_Isinya
Mnaongea vyuma tu. Mimi barabara hiyo naipita asubuhi na jioni. Kutoka Kitengela kwenda Isinya ni uwanda mtupu, hakuna mti wa kukinga upepo. Asubuhi na mapema ni kimya, mchana kuanzia saa nane upepo unapiga ubavuni hadi bodaboda wanainama. Ongeza malori ya simiti na mabasi ya Namanga. Likikupita kwa kasi kwanza linakusukuma nje, kisha likimaliza kukupita unahisi unavutwa ndani. Tangi la lita 1,000 ni ukuta uliosimama wima juu ya magurudumu mawili.

Mwenye uzi, unavuta maji saa ngapi?

#10 Mfugaji_Utawala
@Binti_Isinya nikitoka kazini, kwa hiyo alasiri. Lakini upepo wa uwanda wa Kapiti haukuanza mwaka huu. Pikapu ya zamani pia ilipita humo humo saa hizo hizo.

@FundiKariobangi boli limeandikwa 50 juu. Halina mchezo.

#11 Mama_Maziwa
Nimesoma yote na naona hakuna aliyeuliza kwa nini likiwa nusu ndio balaa. Eksili ikipinda, imepinda tangi likiwa limejaa au nusu. Upepo nao ukipiga, tangi lililojaa na la nusu ni ukuta ule ule.

Nimefanya kazi ya kusafirisha maziwa kwa matangi. Matangi mengi yaliyoundwa kwa gari ndani yana kuta zenye matundu, zinakatakata ile nafasi ili mzigo wa majimaji usikimbie wote kwa pamoja. Tangi la plastiki la nyumbani halina kitu ndani, limeundwa kusimama juu ya mnara. Lita 500 ndani yake ni nusu tani inayotembea itakavyo. Ukiinamisha gari kidogo kushoto maji yanakwenda kushoto, ukirudisha usukani yanafika kulia yakiwa yamechelewa, yanakutana na wewe njiani. Mama akibeba ndoo ya maji kichwani huweka majani juu ili maji yasicheze, na yeye anatembea kwa miguu. Wewe uko 80.

Ushauri wangu: lijaze hadi shingoni au lirudi tupu. Kama unagawia watu njiani, nunua matangi madogo manne ya lita 250, umalize moja moja, ukianza na ya nyuma.

#12 Dereva_Mstaafu
Mama amesema kweli tupu. Malori ya mafuta nayo yana vyumba ndani kwa sababu hiyo hiyo. Lakini uzito wa mbele bado uko pale pale kwenye hoja yangu.

#13 Kisauni_Boti
Nyinyi wa bara mna maneno! Mimi huku Kisauni navuta boti. Boti haina maji ndani, haina ukuta wa kupigwa na upepo kama hilo tangi, na bado nilipata mtikisiko huo huo. Ilikuwa tairi, wallahi. Tairi za tela zilikuwa na presha ndogo na ubavu laini, zile za gari dogo. Zikibeba uzito ubavu unajikunja, tela linahama pembeni kabla gurudumu halijahama. Niliweka tairi za gari la mizigo zenye ubavu mgumu, nikapiga presha kama ilivyoandikwa kwa uzito ule, yakaisha.

Na msitazame meno peke yake. Tairi ya tela inazeeka kwa kusimama juani kuliko kwa kutembea. Ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Bwana Mfugaji, soma zako utuambie.

#14 Mfugaji_Utawala
Zinasoma 4014. Meno yapo mengi lakini.

#15 Kisauni_Boti
Lahaula! Hizo toa leo, hata kama si hizo zinazotikisa.

#16 Kebi_Mbili
Mimi naona mnamzunguka. Gari lake jipya limeinuka kuliko la zamani, ndiyo tofauti peke yake iliyobadilika, na yeye mwenyewe amesema tela ni lile lile, barabara ile ile, saa zile zile. Boli la dabo kebi za 4x4 za sasa liko juu. Mkono wa tela uliokuwa umelala sawa na singo kebi sasa umeinua pua. Pua ikiinuka, uzito unarudi nyuma ya eksili, na maji ya Mama_Maziwa nayo yanakimbilia nyuma. Simama hatua kumi kando ya tela ulitazame. Linatakiwa liwe sambamba na ardhi au liinamishe pua kidogo.

#17 FundiKariobangi
#16 hapo nakubali nusu. Dawa ni kushusha boli kwa bamba la kushukia, linafungwa kwa bolti. Lakini msimruhusu mtu kuchomelea chesisi ya gari jipya. Chuma cha chesisi kikichomwa ovyo kinapoteza nguvu pale pale pembeni ya kidonda cha moto, na siku ukidai waranti utaulizwa nani alichoma. Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye matundu ambayo kiwanda kiliacha. Kufunga kwenye bampa ndiyo kabisa usithubutu.

#18 Mhandisi_K
Nimerudi kwa #7 kwa sababu imepita kimya kimya na ndiyo inayonitia hofu kuliko mtikisiko.

Hizo tani 3.5 unazosoma kitabuni ni za tela lenye breki zake. Soma mstari unaofuata. Hilux, D-Max, Ranger, zote hizi zenye uwezo wa kilo 3,500 zina namba ya pili kwa tela lisilo na breki, na ni kilo 750. Wewe una 1,400. Karibu mara mbili. Gari litalivuta bila kulalamika, injini ina nguvu. Kulisimamisha ndiyo kazi nyingine. Ukikanyaga breki ghafla kwa ajili ya ng'ombe anayevuka Isinya, tani na nusu karibu inakusukuma mgongoni, na ikiwa gari limekata kona kidogo inasukuma kwa pembe. Hapo ndipo tela na gari vinajikunja kama kisu.

#19 Arusha_Dizeli
Mambo zenu wa Nairobi. Mkuu, tela likianza kuyumba wewe kanyaga mafuta. Gari likivuta kwa nguvu linalinyoosha. Sisi huku ndivyo tulivyofundishwa.

#20 Dereva_Mstaafu
Ndugu yangu wa Arusha, usimwambie mtu hivyo. Kweli ukikanyaga linanyooka kidogo, kisha unajikuta uko 95 na tela lile lile lisilo na breki. Siku likianza tena unakimbilia wapi? Na ikiwa ni mteremko? Shuka barabara ya chini ya Mai Mahiu ukiwa na fikra hiyo, hutafika kwenye kile kikanisa cha Waitaliano.

Likiyumba: shika usukani ukiwa umenyooka, usijaribu kulifukuza kushoto na kulia maana mkono wako siku zote unachelewa. Achia mafuta, liache lipoe lenyewe. Breki usikanyage kwa pupa. Na kwenye mteremko ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, si baada ya kusikia harufu ya breki.

#21 Arusha_Dizeli
Mzee nimekuelewa kwa mteremko. Kwa tambarare bado nasimamia langu, limeniokoa.

#22 Nyundo7
Kile kikanisa nilidhani kimejengwa na wamisheni wa zamani. Kumbe Waitaliano?

#23 Dereva_Mstaafu
Wafungwa wa vita wa Kiitaliano, 1942, wakiwa wanajenga barabara hiyo hiyo. Kipo kando ya lami, kidogo sana. Tulikuwa tunasimama hapo breki zipoe.

#24 Robota_la_Nyasi
Mimi navuta nyasi za Boma Rhodes kutoka Naivasha hadi Kiserian. Marobota hayana maji, hayana uzito wa kutisha, lakini yakipangwa juu sana upepo unayageuza tanga. Nimejifunza kupanga chini na mbele, safu ya juu isipite kimo cha kebi. Kwa hiyo nampa Binti_Isinya kura yangu. Na Mai Mahiu naikwepa na tela, napitia juu Limuru, ni ndefu kidogo lakini roho imetulia.

#25 Binti_Isinya
Asante Robota. Nyasi zako mwaka huu vipi? Za huku zimepanda bei hadi tunakata matawi ya miti kulisha mbuzi.

#26 Robota_la_Nyasi
Njoo inbox, nitakupatia za safu ya mwisho kwa bei ya shambani. Hazijanyeshewa.

#27 Karatasi_Kwanza
Samahani kwa kukata mazungumzo ya nyasi. Hilo tela lina nambari yake? Tela Kenya ni chombo kinachojitegemea: linasajiliwa NTSA (mamlaka ya usafiri), lina logibuku yake na nambari inayoanza na Z. Kulipachika nambari ya pikapu nyuma hakulifanyi kuwa halali. Bima pia: muulize wakala wako kwa maandishi kama cheti cha pikapu kinagusa tela, usichukue jibu la simu. Na kama kuna siku unamuuzia jirani maji, bima ya kubeba mali yako mwenyewe si sawa na ya kubebea watu kwa malipo. Ukipata ajali swali hilo ndilo la kwanza.

#28 Kebi_Mbili
Leseni je? Kuna askari aliniambia lazima niwe na CE.

#29 Karatasi_Kwanza
CE ni ya lori kubwa na tela. Pikapu ni gari dogo, daraja B. Uzito wa tela unaoruhusiwa kwa daraja lako usiuchukue kwa mtu wa mtandaoni, mimi nikiwemo, wala kwa askari wa kando ya barabara. Uliza NTSA, upate jibu lenye mhuri.

#30 Mama_Maziwa
Mhandisi, eleza basi hizo breki za tela zinafanyaje kazi, maana wengi wanadhani lazima uvute waya hadi kwenye breki ya gari.

#31 Mhandisi_K
Si lazima, Mama. Zilizo rahisi ni za kusukumwa. Mkono wa tela una kipande kinachoteleza ndani ya bomba. Gari likipunguza mwendo, tela linaendelea kusukuma mbele, kile kipande kinarudi ndani na kuvuta fimbo inayokaza breki za magurudumu ya tela. Kadiri tela linavyosukuma ndivyo linavyojifunga. Gari halihitaji kitu chochote zaidi ya boli. Ubaya wake: ukirudi nyuma kwenye mlima linadhani unafunga breki na linajikaza, kwa hiyo za zamani zina kipini cha kuzuia, mpya zinajiachia zenyewe. Pia kuna kebo nyembamba ya kufunga kwenye gari: tela likichomoka, kebo inavuta breki ya mkono ya tela kabla haijakatika.

Minyororo miwili ya usalama nayo ipishane chini ya mkono kwa umbo la X. Kikombe kikiruka, mkono unaangukia juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

#32 Kebi_Mbili
Na zile kompyuta za kuzuia tela lisiyumbe? Hilux, Ranger na D-Max za toleo hili zinazo.

#33 Mhandisi_K
Zipo, ila si kila toleo linalouzwa huku. Zinafanya kazi kupitia ule mfumo wa kuzuia gari lisiteleze: zikihisi mtikisiko wa kwenda na kurudi, zinafunga breki ya gurudumu moja moja la gari kwa zamu na kupunguza nguvu ya injini. Ni msaada wa dakika ya mwisho. Haziongezi uzito mbele wala hazinyooshi eksili.

Jingine kwa sababu gari ni jipya: kitabu cha Toyota kinasema usivute tela kwa kilomita 800 za kwanza. Wengine wana namba zao. Injini na difu zinahitaji kuzoeana kwanza.

#34 Mfugaji_Utawala
Wakuu, nimefanya kazi Jumamosi yote. Majibu haya hapa.

Mizani na ubao: tangi limejaa, imesoma 11, mara 3 ni kilo 33. Waya wa fundi: kushoto kumezidi kulia kwa sentimita 2 na nusu. Pua ya tela: imeinuka, inaonekana hata kwa mtoto. Tairi nimeagiza. Na kitu ambacho sikukitaja: nyuma kabisa ya tela kuna sanduku la chuma lenye pampu ya petroli, mipira ya maji na gurudumu la akiba.

#35 FundiKariobangi
Sentimita 2 na nusu! Niliposema mlinyamaza. Eksili imekaa mshazari, itolewe U-bolti na ikae upya kabla hamjajadili kingine.

#36 Dereva_Mstaafu
Kilo 33 kwa tela la 1,400? Na sanduku la vyuma mkiani? Mimi nimemaliza.

#37 Mhandisi_K
Kilo 33 kwa 1,400 ni asilimia 2 na kitu. Tukitaka 7, ni kama kilo 98. Umbali kutoka boli hadi eksili ni ngapi?

#38 Mfugaji_Utawala
Mita 2.8.

#39 Mhandisi_K
Basi sogeza tangi mbele sentimita 18. Tani moja ikisogea sentimita 18 kwenye mkono wa mita 2.8 inaongeza kilo 64 hivi pale kwenye boli. Sanduku la pampu nalo lihamie mbele ya tangi, hapo utapita 98, na si vibaya mradi usipite kiwango cha boli kilichoandikwa kitabuni. Vitu vizito vikikaa mbali na eksili, hata vikisawazishwa mbele na nyuma, tela likianza kuzunguka linakataa kusimama. Ukishamaliza pima tena, usiamini hesabu yangu peke yake.

#40 Mfugaji_Utawala
Nimesogeza tangi na sanduku, mizani imesoma 38, yaani 114. Nimeshusha boli kwa bamba, pua imelala. Tairi mpya zimefungwa. Eksili bado, fundi ana foleni.

Asubuhi na tangi lililojaa: 80, kimya, halitikisiki. Alasiri na tangi nusu, nimejaribu kwa makusudi pale baada ya Kitengela, basi likanipita: limeyumba nikiwa 75. Si kama zamani, lakini limeyumba.

#41 Binti_Isinya
Alasiri, basi limekupita. Sina la kuongeza.

#42 Mama_Maziwa
Tangi nusu. Umelisoma hilo neno wewe mwenyewe ulipoliandika?

#43 FundiKariobangi
Eksili bado iko mshazari na mnaendelea kuhesabu maji.

#44 Kisauni_Boti
Asubuhi limetulia kwa sababu ya tairi. Ila hamtakubali kwa kuwa nimetoka Pwani.

#45 Kebi_Mbili
Pua imelala na ugonjwa umepungua. Nani alisema pua? #16.

#46 Mhandisi_K
Amebadilisha vitu vinne kwa pamoja, kwa hiyo kila mtu anaweza kujisifu na hakuna anayeweza kuthibitisha. Eksili ikinyooshwa, jaribu tangi nusu asubuhi isiyo na upepo, halafu tangi lililojaa alasiri. Hapo tutajua maji au upepo. Na jaribio lisipite 70, kwa sababu breki bado huna.

#47 Dereva_Mstaafu
Mimi nasema 60 na isiongezwe hata kidogo. Maji hayachachi njiani.

#48 Mfugaji_Utawala
Nimekubali 60 mpaka breki ziwekwe. Kuhusu gari, bado naona springi ni laini, ila sasa napigana na watu sita kwa zamu. Anayejua eksili yenye breki za kusukumwa, iliyo nzima, ya kilo 1,500 au zaidi, aseme iko wapi. Nimezunguka Industrial Area na Kirinyaga Road, nilizoonyeshwa zote zina ngoma za magurudumu bila breki ndani.

#49 FundiKariobangi
Usinunue ngoma tupu. Kuna tela la jenereta limevunjwa hapa jirani yangu, eksili yake ina breki kamili na mkono unaoteleza. Njoo na fundi wako aikague, ulete na kipimo cha upana kati ya springi zako, maana ikizidi itabidi tuhamishe vikalio vya springi.

#50 Kisauni_Boti
Na ukifika huko angalia tairi za hilo tela la jenereta zimeandikwa mwaka gani.